Kinoo Kilichobonyea

Fundi plasta alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la wajenzi na kuvunjika nyonga, waliomjua walisema ana bahati ya mtende kuwa hai. Yeye bahati hiyo hakuiona. Alichokiona ni dari ya chumba chake, mchana kutwa, huku mkewe akitoka alfajiri kwenda kiwanda cha mikate na kurudi jioni miguu imemvimba.

Aliyewaokoa ni mama mkwe. Alifika na mfuko mmoja wa nguo, akasema amekuja kuwajulia hali tu, na hakuondoka tena. Alipika, akafua, akamshika mgonjwa mkono alipoanza kujifunza kutembea kwa magongo. Siku za mwanzo fundi aliona haya hata kuomba maji, maana mkwe ni mkwe. Alivumilia kiu mpaka midomo ikakauka. Mama mkwe akamshtukia.

"Mwanangu, haya haikati kiu. Ukitaka kitu, sema. Mimi si mgeni, na wewe si picha ya ukutani."

Tangu hapo aliomba. Lakini kushukuru kulimshinda. Kila alipojaribu kusema asante ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyepitishiwa chumvi mezani.

Asubuhi moja, akiwa ameketi karibu na mlango wa jikoni, alimsikia mama mkwe akigombana na nyanya za mchuzi.

"Kisu gani hiki? Hakikati, kinaponda! Nanoa, nanoa, bado kijiko tu!"

"Hebu nione hicho kinoo, Mama."

Jiwe lilikuwa limebonyea katikati kama godoro la mtu mzito. Kwa miaka mingi kila mtu mle nyumbani alinolea pale pale. Fundi akafumba jicho moja, akalitazama kama anavyotazama ukuta.

"Kosa si lako wala la kisu. Jiwe lina bonde. Makali yanagusa huku, kule yanaelea."

"Basi tulitupe?"

"Tulinyooshe."

Lilipomtoka neno hilo alishangaa mwenyewe. Ilikuwa zamani sana tangu aseme habari ya kufanya kazi.

Akashushwa taratibu mpaka sakafuni barazani, mguu ameunyoosha, mto mgongoni. Akaliloweka jiwe kwenye beseni, kisha akalichora mistari ya penseli iliyopishana, ili aone wapi panalika na wapi bado. Akamwaga maji na mchanga laini juu ya sakafu, akaanza kusugua. Alipoligeuza, pembe moja ilikuwa imelika vibaya na kwingine mistari ipo vile vile. Akasugua tena, mambo yakawa yale yale. Akaomba ubao wake wa kunyooshea plasta, akaulaza juu ya sakafu. Mwanga ukapenya chini yake; sakafu nayo ilikuwa na bonde.

Mama mkwe akainama kuchungulia. "Sakafu hii aliisakafia nani?"

Fundi akauinua ubao. "Mimi."

"Mganga hajigangi!" Mama mkwe akaangua kicheko, akajishika mbavu. Fundi naye akacheka mpaka nyonga ikamuuma, na wala hakujali.

Wakatoa rafu ya kioo kinene kwenye kabati, wakailaza juu ya kitambaa kibichi isiteleze, juu yake wakaweka msasa wa maji. Sasa kazi ikaenda. Uji wa kijivu ukatoka, mama mkwe akimimina maji kidogo kidogo. Mistari ya pembeni ikafutika. Ya katikati ikagoma. Mikono iliyozoea kurusha plasta kutwa nzima ikachoka.

"Lete nisugue."

Alitaka kukataa, akampa.

"Usikandamize upande mmoja, Mama. Liache jiwe litembee."

"Haya, mwalimu."

Wakapokezana hivyo mpaka mstari wa mwisho ukatoweka. Fundi akachora mingine kuhakikisha. Yote ikafutika kwa pamoja. Akabadilisha msasa, akaweka ulio laini zaidi, akasugua mpaka uso wa jiwe ukateleza chini ya kidole. Mwisho akapunguza ncha za kingo zisije zikamegeka, ndipo akanoa kisu na kumkabidhi mama mkwe mpini ukiwa mbele.

Nyanya ilikatika bila kupondeka, kipande chembamba hata kidole kilionekana upande wa pili.

"Mama," fundi akasema, "asante."

"Ya kisu? Si umenoa wewe?"

"Ya kunifulia. Ya kuninyanyua. Ya kutoondoka." Safari hii yote ilitoka.

Mama mkwe akakiweka kisu chini. "Siku ile mwanangu alinipigia simu akilia, hajui kama utapona. Nilipanda gari nikijua nakuja kuzika. Nimefika, nakuta mtu anaona haya kuomba maji! Mwanangu, kila nikianika shati lako nasema asante Mungu, mwenyewe yupo, atalivaa."

Fundi alijifuta uso kwa mkono uliojaa uji wa jiwe, akajipaka kijivu mpaka masikioni.

Mke wake aliporudi jioni aliwakuta barazani, wamezungukwa na visu vya nyumba nzima na vya majirani, mumewe ananoa, mama yake anamimina maji.

"Mmepika nini?" akauliza.

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amekumbuka. Mke akacheka, akavua viatu, akajisogeza akaketi katikati yao.