Maiti wa Pinki

Roy Gakuru aliniibia mchana kweupe, na sikuwa na mahali pa kumshtaki. Hakuna polisi wa Kitengela atakayefungua kitabu aandike kwamba umeibiwa rangi.

"Rangi gani?" angeniuliza.

"Bluu mwilini, machungwa kichwani."

Angenifunga mimi.

Ilikuwa mwaka wa 2003. Fundi mmoja mzungu wa mitambo, alipokuwa akirudi kwao, alituachia katoni nzima ya wanajeshi wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Kulikuwa na majitu, roboti, na askari wa sayari ambazo sidhani kama zipo. Wote walikuwa kijivu tupu, hawajapakwa kitu. Kucheza nao tulichoka upesi. Vita yenyewe ikawa ni nani atawapaka vizuri. Tulitumia rangi ya mafuta ya mageti, cutex za kucha za dada zetu, na brashi tuliyoipunguza hadi ikabaki na nywele tano.

Ukiuliza, kazi si mkono. Kazi ni kuchagua. Wenzangu walikuwa wakimvisha roboti mmoja rangi tisa hadi anafanana na kioski cha simu. Mimi nilikuwa na sheria yangu: rangi moja itawale, ya pili itumike, ya tatu ipige kelele, basi. Hiyo sheria nilifundishwa na mjusi. Nilimkuta kwenye mawe njia ya kwenda Kajiado, mwili bluu, kichwa rangi ya machungwa, amepiga pushapu mbili akanitazama kama mwenye shamba. Nikasema, hawa ndio askari wangu kutoka nyota ya mbali. Nikaandika kwenye daftari langu, na kwa ujinga wangu nikamwonyesha Roy.

Wiki moja baadaye Roy alikuwa na askari-mijusi kumi na wawili, bluu mwilini, machungwa kichwani. Dahir, mwenye duka la vitabu, akawapanga kwenye kioo cha duka lake msimu wote wa Krismasi. Watu wakaanza kumwita Roy "Fundi."

"Roy, si hiyo ni plan yangu?" nilimuuliza mbele ya wenzetu.

"Kwani mjusi ni wa baba yako, Kivuva?"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, na hapo ndipo paliponiuma zaidi. Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani: Roy aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba rangi za mijusi zilikuwa zangu. Na kama angeaibika kidogo akisema, nisingekataa.

Mama yangu, Mbeke, ni fundi wa kushona. Banda lake limeezekwa kwa yale mabati ya plastiki ya kijani yanayopitisha mwanga, na chini yake hata chai ya maziwa huonekana kama dawa ya mbuzi. Kwa hiyo mama hachagui uzi ndani hata siku moja. Hutoka nao hadi mlangoni, anauinua juani, ndio anaamua. Mteja akileta kitambaa atamwambia, "Toka nje kwanza, huku ndani macho yanadanganywa." Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mtoto. Roy hajawahi kulisikia.

Aprili tukatangaziwa maonyesho ya vijana kule Kajiado, na meza moja ilikuwa ya wanajeshi wetu. Nikamfuata Roy nikiwa na sura ya mtu aliyeokoka juzi.

"Buda, mimi sishiriki. Lakini banda la mama liko na mwanga poa, na halina vumbi. Njoo uwapake rangi kwetu."

"Mbona unanipenda hivi ghafla?"

"Ni Pasaka, Roy. Tunasameheana."

Daftari nililiacha kwenye cherehani, limefunguka lenyewe, masikini. Ukurasa ulisema: *Jeshi la maiti. Ngozi rangi ya jivu, itawale. Silaha rangi ya kutu. Macho manjano.* Plan ilikuwa nzuri kweli. Sikuandika uwongo hata herufi moja.

Roy alisoma kwa jicho moja, kama kawaida yake, kisha akaanza kuchanganya. Nyeupe, nyeusi kidogo. Akapaka mmoja, akakunja uso.

"Mbona hii jivu inaingia kijani?"

"Hata mimi naona," nikamjibu. Kweli niliona.

"Niongeze nyekundu?"

"Wewe ndio Fundi."

Akaongeza tone. Akaongeza jingine. Akaendelea hadi kijani kikaisha na jivu likatulia machoni pake. Alipaka maiti ishirini. Rangi ya mafuta inakauka polepole, na nje kulikuwa na vumbi la Kitengela ambalo lingewavalisha makoti, kwa hiyo hakutoka na hata mmoja. Siku mbili wakakaukia palepale. Jumamosi asubuhi nilimsaidia kuwafunga kwa tishu mmoja mmoja, tukawapanga ndani ya trei za mayai, tukafunika. Sijawahi kufanya kazi ya mikono kwa upendo kama ule.

Kajiado jua lilikuwa limekaa vizuri, kana kwamba nami nimelialika. Meza ilikuwa uwanjani. Roy akafunua trei mbele ya watu kama hamsini, akaanza kutoa tishu huku akihutubia: "Hawa ni maiti waliofufuka kutoka..."

Akamsogeza wa kwanza karibu na macho.

Walikuwa pinki. Sio pinki ya kubahatisha. Pinki ya sweta ya mtoto mchanga. Maiti ishirini wenye mapanga ya kutu, wote wametoka kuogeshwa na kupakwa mafuta.

"Waliofufuka kutoka kliniki!" Ochola, mmoja wa wenzetu, akapaza sauti, na uwanja ukavunjika kwa kicheko.

Jaji alikuwa Madam Nasro, mwalimu wa sanaa, mama asiyecheka kazini. Aliinua maiti mmoja, akamgeuza. "Mkono ni mzuri," akasema. "Lakini nani alichagua rangi hii?"

Jasho lilimtoka Roy hadi kwenye kola. Akatazama kushoto, kulia, kisha akaniona.

"Si mimi, madam! Ni Kivuva! Iko kwa kitabu yake. Hata ile mijusi ya Krismasi, rangi ni yeye alichagua. Mimi huwa napaka tu!"

Hilo hapo. Neno nililolingoja miezi minne lilikuwa limetoka, ila limekuja likimshika pinki mkono. Uwanja mzima ukanigeukia.

"Ni kweli, Kivuva?" Madam Nasro akauliza.

Nilipiga hesabu haraka. Nikiwakana maiti, mijusi nao wameenda. Nikieleza habari ya banda la mama, kila mtu atajua nilimtegea, na Roy atatoka hapa akihurumiwa na kununuliwa soda.

"Ni kweli, madam. Zote ni zangu."

"Hata hii pinki?"

"Hiyo hasa."

"Fundi Pinki!" Ochola akaita, na nikajua papo hapo kwamba jina limenishika na halitatoka hata kwa thinner ya kuondolea rangi. Roy alikuwa akicheka kuliko wote, ameegemea meza, roho imemrudi.

Nikangoja kicheko kipungue. Kisha nikamshika begani, kwa upole kabisa.

"Roy, hebu rudia hapo kwa mijusi. Wale wa nyuma hawakusikia."

Akarudia, kwa sauti.