Nafasi ya Mtungi wa Sita

Mama Abiba alitoa sharti moja tu: funga muziki unaoutaka, lakini mitungi sita ya maziwa ya ngamia iingie kwenye buti kama kawaida. Isipoingia, ufunguo atapewa dereva mwingine. Gari, aina ya Probox, ni lake, la kuleta maziwa Isiolo mjini kutoka Kulamawe, na Abiba si mtu wa kurudia neno.

Jarso, dereva wake, alikubali upesi ili asiulizwe maswali. Watu walidhani anataka sabufa ya kutambia vijana wenzake. Laiti wangejua. Wiki tatu zilizopita, jua likichomoza, usingizi ulimwiba kwenye usukani. Aliposhtuka, magurudumu ya kushoto yalikuwa yanakanyaga mchanga, na kiti cha nyuma Abiba amejifunika shuka usoni, kimya. Hakumwambia mtu. Tangu hapo aliendesha roho mkononi kila asubuhi. Redio ya gari ilikuwa inambembeleza tu; alitaka kitu cha kumpiga mgongo.

Dukani kwa Mworia macho yake yalitua kwenye sabufa ya inchi kumi na mbili, katoni imeandikwa wati elfu moja mia nne.

"Hiyo ni mdomo tu," Mworia akamwambia. "Soma hii namba ndogo, ile wati spika inaweza kubeba siku mzima bila kuungua. Mia moja na hamsini. Chukua hii ya inchi kumi. Ni bei nusu na inabeba mia mbili. Boksi yake ifungwe kabisa, hewa lita ishirini. Ikipungua, besi itakuwa inakohoa."

Lita ishirini ni mtungi mmoja, na mitungi Jarso anaijua. Kando ya ile sita butini palibaki upenyo. Akaupima, akazidisha kwa simu: sentimita thelathini na nne kwa thelathini kwa ishirini. Ikatoka lita ishirini na kidogo. Mutuma, fundi seremala, akapasua mbao za MDF, za unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa vipimo hivyo hivyo.

Boksi lilipokamilika, wasiwasi ukamrudia. Watu wa maziwa hawaamini chombo mpaka wamimine. Kabla spika haijafungwa, Jarso akachukua mtungi wa maji akamimina kwenye tundu. Boksi likajaa, na mtungini zimebaki lita saba. Alikuwa amepima nje, na mbao si nyembamba kama plastiki ya mtungi. Unene wake ulikuwa umekula lita saba nzima. Alipokuwa bado anapiga hesabu, MDF ikawa inakunywa maji. Kufikia saa sita boksi lilikuwa limeumuka kama mandazi.

"Kwani ulitaka kuikamua?" Mutuma akauliza. "Si ungemwaga maharagwe."

La pili walilipima kwa ndani, na maharagwe ya mtungi mzima yakaingia. Mworia akafunga spika na nyaya zake. Lakini nje boksi lilikuwa limenenepa, na Jarso alijua hivyo, akajipa moyo wa bure.

Asubuhi iliyofuata, Kulamawe, mitungi mitano iliingia. Wa sita ukakataa. Aliusimamisha, akaulaza, akausukuma kwa goti, jasho likimtiririka. Abiba alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama.

"Mama," Jarso akasema, "hii kitu si ya raha. Ile siku ya mchanga nilisinzia. Ningekuua." Akamnyooshea ufunguo.

Abiba hakuupokea.

"Unafikiri nilikuwa nimelala?" akauliza. "Niliona miti ikikuja kwa upenyo wa shuka. Tangu hiyo siku bado najifunika shuka, lakini jicho moja iko kwa kioo, inaangalia yako. Kusinzia, kila dereva anasinzia. Yule anaficha ndiye naogopa. Nilikuwa nangoja uniambie."

Jarso aliona aibu hata akashindwa kuinua uso. Abiba akaubeba mtungi wa sita mwenyewe, akauweka chini mbele ya kiti cha abiria kilicho kando ya dereva, akaketi na miguu yake juu ya mtungi.

"Kuanzia leo nakaa hapa," akasema. "Ukiskia usingizi, simamisha gari ulale. Maziwa ikichacha tutaiuza kama susa, kuna watu hawataki ingine. Sasa washa."

Jarso akawasha. Besi ikampiga mgongoni, machozi yakamtoka, na Abiba akanyoosha mkono akaongeza sauti.