Njia ya Kwenda kwa Kina Winnie

Bazilio alitoka Kibondo kuja kujitambulisha kwa kina Winnie, mjukuu wangu, hapa Kagerankanda. Baba Winnie alikwishasema hampi binti yake mtu asiyejulikana na yeyote. Kijana akasimama njia panda, nilipokuwa nimeketi, kuuliza njia, wala hakujua mimi ni nani.

"Nyoosha kilomita mbili, kata kushoto," Claude wa bodaboda akamwambia. Wanaume huelekeza kama wanapima barabara.

"Mwache huyo, mjukuu wangu," nikamwambia kijana. "Sisi vikongwe tunaelekeza kwa watu. Anzia kwa Esteri, umpe pole ya msiba. Umuulizie Ininahazwe, yule mama anayeanika na kutwanga mihogo. Halafu mzee Ndayikeza, ila paza sauti, masikio yamechoka."

"Bibi, si nitachelewa?"

"Utachelewa. Nenda."

Mimi nikapanda pikipiki ya Claude, nikatangulia kwa kina Winnie.

Kijana alifika jioni, unga wa mihogo hadi kwenye nyusi, mzee Ndayikeza kamwegemea begani, wale wanawake wakifuata nyuma.

"Nani anamjua huyu?" akauliza Baba Winnie.

Wakajibu wote kwa pamoja, kila mmoja na lake. Baba Winnie akanitazama mimi kwanza, kisha akamsogezea kijana kigoda.