Kadi Kwenye Barafu

Mama alikuwa ameliinamia sinki, bomba la maji ya moto limefunguliwa hadi mwisho, na chini yake pande la barafu lenye umbo la boksi la aiskrimu. Ndani ya barafu ilionekana kadi yangu ya mkopo, ile ya zamani, ya bluu. Pembe yake moja ilikwisha kutokeza. Mama aliivuta kwa vidole viwili, kama mtu anayeng'oa jino la mtoto.

"Mama, unafanya nini?"

"Baba yako mkubwa amefariki. Peniamina. Wamepiga simu saa moja asubuhi." Hakugeuka. "Tunahitaji elfu mbili, Sieni."

Kabla sijamlilia kaka wa baba yangu, nilipiga hesabu. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miezi kumi na minne kabla ya asubuhi hiyo nilikuwa nadaiwa dola elfu kumi na moja na mia nne. Sikuzila mimi. Zilikwenda kwenye msiba wa baba, harusi mbili na paa la kanisa letu hapa ugenini, mjini Logan, maana Wasamoa tukihama tunahama na michango yetu. Riba ilikuwa asilimia ishirini na moja. Kila mwezi nililipa kiwango cha chini walichotaka, na kila mwezi deni lilinitazama likiwa na unene uleule.

Aliyenifumbua macho ni Glenys, mama wa makamo niliyekuwa nakunja naye mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Tulishika pembe, tukavuta, tukasogeleana, tukaachana, na kila tuliposogeleana aliniambia kidogo.

"Lihamishie benki nyingine. Wanakupa miezi ishirini bila riba. Wanachukua ada ya asilimia mbili mara moja, basi."

"Kwa hiyo deni linapungua?"

"Linapungua wapi, mwanangu! Limehama nyumba tu. Ila huko lilikohamia halizai. Ligawe kwa ishirini, ulipe bila kukosa. Na hiyo kadi mpya usinunulie hata pipi." Tukaachana, tukarudi. "Na ile ya zamani uifunge. Wewe mwenyewe upige simu, wenyewe hawakufungii. Mimi niliiacha wazi, nikaishia na madeni mawili."

Nilifuata yote isipokuwa hilo la mwisho. Kadi iliyokuwa tupu, yenye nafasi ya kukopa elfu kumi na mbili, niliitia kwenye boksi la aiskrimu, nikajaza maji na kuifukia kwenye friza chini ya mifuko ya majimbi. Nilijiambia mtu wa kwetu hawezi kuishi bila akiba ya msiba. Sikujiuliza ni lini deni liligeuka kuwa akiba.

Tangu siku ile nililipa mia tano na themanini na kitu kila mwezi. Niliacha kununua viatu. Zilikuwa zimebaki elfu tatu na mia tano hivi, na miezi sita.

Nikafunga bomba.

"Baba yako alipokufa," Mama alisema, "Peniamina alileta elfu tatu. Taslimu. Kwenye bahasha."

"Najua, Mama."

"Unataka kaka wa baba yako azikwe, halafu nyumba ya baba yako Tavita isomewe mchango gani ukumbini?"

"Mia mbili. Ndizo nilizonazo kweli."

"Mia mbili!" Alicheka bila furaha. "Bora niseme naumwa."

Nilichukua mkasi wa jikoni, nikaikata ile pembe iliyotokeza. Ilianguka kwenye sinki bila kishindo. Mama aliitazama, akajifuta mikono kwenye kanga yake, akaenda chumbani kutafuta nguo nyeusi. Siku ya maziko tulikwenda na mia mbili zangu.

Kwetu rambirambi husomwa. Shangazi Fuatino, dada yao baba na Peniamina, ndiye aliyeshika daftari, na kila mtu ukumbini alijua desturi yake: fungu nono alilisoma kwa sauti ya kutikisa madirisha, fungu dogo alilimung'unya haraka haraka ili mwenyewe asiaibike. Mikeka laini ilitandazwa, makatoni ya nyama ya kopo waliyoleta watu kama rambirambi yakapangwa. Elfu moja na mia tano. Elfu mbili. Elfu mbili na mia tano.

"Nyumba ya Tavita," alisoma Shangazi. Akavua miwani, akaivaa tena. "Dola mia mbili!"

Aliitamka yote, kwa sauti nzima. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Hata katoni moja ya nyama?" Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu nyuzi za mkeka.

Nilikuwa naosha masufuria nyuma ya ukumbi Shangazi aliponifuata. Nilijiandaa kutukanwa. Kwapani alikuwa na kopo la biskuti, na alipolifungua niliona barua za benki, tatu tofauti, zimekunjwa vizuri kama vitambaa vya meza.

"Mama yako amenilalamikia kutwa. Anasema umeyahamisha madeni yako kama mtu anayehamisha makochi. Ni kweli?"

"Ni kweli, Shangazi."

"Mimi nimelipa miaka tisa, Sieni. Miaka tisa, na haya mashetani hayajakonda." Aliketi juu ya kreti la soda, mwanamke ambaye ukumbi mzima ulimwogopa. "Nifundishe. Na ukimwambia mtu nitakung'oa masikio."

Nikamwambia ya Glenys, yote, safari hii pamoja na lile la mwisho. Halafu nikaona haya, kwa kuwa mkasi haufungi kadi. Nikatoa simu papo hapo, mikono ina mapovu, nikapiga. Kijana wa benki alinibembeleza, akaniahidi nafasi kubwa zaidi. Shangazi akasogeza mdomo kwenye simu: "We mwana, umeambiwa ufunge. Funga!"

Akafunga.

Deni langu liliisha mwezi wa ishirini, siku ya Jumanne, nikiwa kwenye foleni ya mkate. Boksi la aiskrimu Mama alilirudisha kazini: analiwekea supu.

Mwaka uliofuata alifariki binamu mmoja wa baba na Shangazi. Tulikaa kwenye mikeka ileile. Shangazi alisoma majina hadi akafika katikati ya ukurasa, akavua miwani, akaivaa.

"Fuatino," alisoma. "Dola mia na hamsini!"

Madirisha yakatikisika. Mama akanisogelea hadi bega lake likagusa langu, akabaki hapo.