Maji Yaliyobaki Yamesimama

Asubuhi ile Maximiliana alikuwa amepiga magoti akisiriba sakafu ya chumba cha mbele kwa udongo na mavi ya ng'ombe, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni ili asiikanyage kazi yake. Uchumaji wa pamba wa mwaka hamsini na tano ulikuwa umekwisha. Bundala, mwanangwa aliyekiongoza kijiji, alikuwa amemletea habari kwamba bwana shamba mpya atapanga kwake mpaka mvua zianze. Upande ule wa Bariadi nyumba za bati zilikuwa za kuhesabika, na mojawapo aliijenga Ngassa, marehemu mumewe, kwa pamba yake mwenyewe. Mjane na binti yake Nyamizi walilala kwenye msonge wa nyuma, na nyumba ya bati wakaipangisha kwa wageni wa msimu.

Mgeni alifika na baiskeli na sanduku la chuma. Aliitwa Boniventura, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hata mgongoni. Maximiliana akamwonyesha kitanda cha kamba, kigoda cha Ngassa, taa na kioo, akamwambia vyote ni vya kutumia. Kisha akamwonyesha mtungi mkubwa uliokaa pembeni, penye ubaridi. Mtungi ule aliufinyanga mama yake kule Lingeka, naye aliubeba kichwani siku alipoolewa. Ng'ombe wa mahari ya Nyamizi walikwishaingia zizini, na baada ya majuma machache binti angekwenda kwa mumewe kule Ngulyati na mtungi huo kichwani. Mwali akifika ukweni bila mtungi wa kwao husimangwa hadi anaota mvi.

"Maji yake kunywa, bwana shamba," alimwambia. "Mtungi wenyewe uache."

Boniventura hakuwa mvivu, tusimsingizie. Alizunguka mashambani tangu alfajiri kuhakikisha kila mti wa pamba umeng'olewa na kuchomwa palepale, wadudu wasipate pa kulala hadi msimu ujao. Aliyechelewa alipelekwa barazani. Watu wakachoma. Sasa, nchi ile miti ni adimu, na miti ya pamba ndiyo kuni za mwaka mzima. Haukupita muda, kijiji kizima kikawa kinapikia mavi makavu ya ng'ombe, na bwana shamba hakupenda maji ya kuoga yenye harufu ya moshi huo. Jioni moja alichukua shoka, akakipasua kigoda cha Ngassa, akachemshia maji.

Maximiliana alilikuta jivu kesho yake. Kwa hasira akajiachia pale kilipokuwa kigoda, na pakampokea. Akakaa. Kimo kilikuwa kilekile, hata ule mwinamo wa kushoto ambao Ngassa alishindwa kuurekebisha maisha yake yote. Nyamizi aliingia, akamwona mama yake ameketi hewani, akamwuliza kama unga uchekechwe. Jirani yao Lukresia naye alikuja kupajaribu. Alisema panakalika vizuri, na kwamba kwa shangazi yake kule Zagayu uko mlango wa namna hiyo, uliliwa na mchwa zamani, na hadi leo ng'ombe hawatoki bila kufunguliwa.

Aliyepata nafuu kuliko wote ni mgeni. Alipogundua kwamba pale anaweza kukaa na kuvua viatu, akaacha kabisa kuwa mwangalifu. Kioo cha taa kilipasuka, na moto ukaendelea kuwaka wima hata upepo ulipovuma. Kamba za kitanda alizikata akafungia mzigo kwenye baiskeli, na usingizi wake haukupungua. Kila alipolalamikiwa alijibu kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma, "Kimepotea nini, mayu?"

Maximiliana alilipata jibu siku alipotaka kukihamishia kigoda msongeni. Aliinama, akakumbatia, akainuka mikono mitupu. Akaketi tena, pakampokea kama kawaida. Kumbe kitu kile kilikuwa cha kukalia tu. Hakihamishiki, hakiazimiki, hakirithishwi. Hapo akaukumbuka mtungi.

Tangu siku hiyo hakutulia. Boniventura alikuwa ametia kufuli mlangoni, na ufunguo alitembea nao. Mjane alimvizia jioni na ngata mkononi, akaomba kuutoa mtungi. Mgeni akasema chumba ni chake mpaka mvua zianze, na maji yale yana ubaridi mzuri. Alirudi mara ya pili, akamkuta amekasirika. Akaenda kwa Bundala. Mwanangwa akamkumbusha walivyosema wahenga, mgeni njoo mwenyeji apone. Maximiliana akamwuliza kupona kwenyewe kunaanza lini. Bundala akacheka sana.

Siku moja kabla ya wakwe kuja, alisimama na Nyamizi kwenye mlango wa bwana shamba, jua likizama. Safari hii hakuomba. Alisema ameufuata mtungi. Boniventura alikuwa ametoka mashambani, amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Kisha akaliokota shoka.

"Mayu, tumalize maneno haya," alisema, na kwa kisogo cha shoka akaupiga mtungi.

Vigae vilianguka kuuzunguka kama maganda ya karanga. Maji hayakuanguka. Yalisimama pale pembeni, tumbo pana, shingo nyembamba, yakatikisika kidogo, yakatulia. Shingoni, alama za dole gumba la mfinyanzi zilionekana zimebonyea ndani ya maji yenyewe, moja baada ya nyingine. Boniventura akachota kwa kibuyu, akanywa.

"Tazama, maji yako haya hapa. Sasa ugomvi uko wapi?"

"Umenivunjia mama yangu," alisema Maximiliana.

Mgeni akajifuta mdomo. Nyamizi alikuwa chini anaokota vigae na kuvipanga kwenye khanga yake.

Asubuhi baraza lilikaa mlemle chumbani. Bundala alionja maji, wazee nao wakaonja, kibuyu kikizunguka. Waliuliza kama mtungi unavuja. Hauvuji. Mmoja akapitisha kiganja chini yake, akasema zamani ulikuwa ukitoa jasho na sasa sakafu ni kavu, kwa hiyo tukisema kweli umekuwa bora. Bundala akatoa hukumu: mtungi kazi yake ni kushika maji, na maji yameshikwa. Mama asiendelee kumsumbua mtumishi wa serikali.

"Nyamizi ataubebaje?" aliuliza Maximiliana.

Mzee mmoja akasema hayo ni mambo ya akina mama, wakaondoka.

Wakwe walifika adhuhuri, na Boniventura, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo, aliwaachia mlango wazi. Nyamizi alijiweka ngata kichwani, akapiga magoti, akayakumbatia maji. Mikono ikazama hadi viwikoni. Akajaribu tena kwa chini, taratibu, kama anayeinua mtoto aliyelala, na mama yake akamshika mabega. Maji yalibaki pale. Maximiliana alilia mbele ya wakwe, wala hakujificha. Binti akaenda Ngulyati mikono ya gauni inachuruzika, ngata bado iko kichwani. Mama mkwe akampa debe la kuchotea, akamwambia ni la nani. Lukresia, aliyekwenda kuwatembelea, alisimulia kwamba bado anamwambia kila asubuhi.

Mvua zilipoanza Boniventura alihamishwa. Alishukuru kwa ukarimu, akachukua kufuli lake, akaenda zake. Hakuna aliyemwuliza lolote.

Msimu uliofuata wenye nyumba wengine walianza kukataa wageni. Huyu kavunjiwa dirisha, yule kachomewa mlango, na kila mmoja alitaka alipwe. Bundala akaeleza kwa wakubwa kwamba iko nyumba moja ambamo hakipotei kitu. Basi wakaletwa kwa Maximiliana: karani wa mizani ya pamba, dereva wa lori, bwana mifugo. Walivunja, wakakaa, wakalala, wakanywa. Yeye aliendelea kusiriba sakafu na kuyajaza maji.

Karani wa mwisho wa msimu ule alikuwa kijana mpole. Alisimama katikati ya chumba akageuka huku na huku, maana hakikuwa na kitu zaidi ya maji yaliyosimama pembeni. Akauliza atundike wapi koti.

"Hapo palipokuwa na msumari," alisema Maximiliana.

Akalitundika. Likakaa.