Jua la Saa Tisa Kitisuru

Kwa miaka ishirini na sita Jackton Odhiambo alichora majengo ambayo hayakuwa yamejengwa. Wasanifu wa mjini walimpelekea ramani zao, naye kwa brashi na rangi ya maji akaonyesha nyumba itakavyokuwa: kuta, vivuli, miti, mama mmoja akishuka garini na mkoba wake. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu karibu na Mtaa wa Tom Mboya, na kuna miaka aliyolazimika kukataa kazi. Baadaye kompyuta zikaingia ofisini mwa wasanifu na simu zikapungua. Mwaka mmoja hakuna aliyempigia tangu Januari hadi Pasaka. Akakifunga kile chumba, akaihamisha meza yake ya kuchorea hadi nyumbani, mtaa wa Satellite, ikabaki nje barazani kwa sababu haikupita mlangoni.

"Baba Rael, si ujifunze hizo za kompyuta," mkewe Veronicah alimwambia. "Kuchora unajua tayari. Imebaki mashine tu."

Binti yao Rael alikuwa amepata kazi ya ualimu Eldoret, akamwachia babake laptop yake ya chuo. Jackton akatafuta mwalimu, akampata katika mtaa wa Jamhuri: msichana wa miaka ishirini na saba, jina lake Nyokabi, aliyefundisha wanafunzi wanne sebuleni kwa mamake. Wale wengine watatu walikuwa wametoka chuo juzijuzi. Jackton alikuwa na miaka hamsini na nne.

Siku ya kwanza aliuliza swali ambalo alikuwa amelibeba njia nzima. "Programu nzuri ni gani?"

"Uncle, hilo swali litakupoteza," Nyokabi alisema. "Kwanza niambie laptop yako inaweza nini. Halafu niambie hao watu unataka wakupe kazi wanatumia gani."

Alimweleza polepole. SketchUp ilikuwa rahisi kwa kuinua kuta, na ofisi nyingi mjini ziliijua. Lumion ilikuja na miti na watu tayari, na picha ilitoka upesi, lakini ilitaka kompyuta yenye nguvu sana. Laptop ya Rael isingeiweza. Blender ilikuwa ya bure na ilifanya karibu kila kitu. "Lakini hiyo itakutesa," alisema. "Wengi wanaiacha mwezi wa kwanza."

"Na jua unaliweka aje?"

Wale vijana wakatazamana. Nyokabi hakucheka. Aliifungua Blender, akaandika Nairobi, tarehe ya siku hiyo na saa, na ukutani mwa nyumba ndogo aliyokuwa ameichora kivuli kikahama kikakaa mahali pake.

"Hata zingine zinaweza hii," alisema. "Lakini hii hutalipia."

Jackton akachagua Blender.

Ilimtesa kweli. Vidole vilivyozoea brashi vilisahau kitufe kipi kinafanya nini. Nyumba aliyoijenga asubuhi nzima ingepotea kwa kugusa mahali pabaya, na asijue alipogusa. Kurenda, yaani kuiachia mashine ipige hesabu za mwanga hadi picha ikamilike, kulichukua siku nzima, laptop ikiunguruma juu ya meza huku Veronicah akiipepea kwa gazeti. Wale vijana watatu walimaliza wakaenda zao. Jackton alibaki, miezi mitano, sita, minane. Macho yalimuuma. Lakini picha zake zilianza kufanana na kitu, na siku moja Nyokabi alitazama kivuli cha mti juu ya bati kwa muda, kisha akasema, "Hii mimi sikukufundisha."

Kwa picha hiyo alienda kumwona Waweru, msanifu aliyemjua tangu zamani, mwenye ofisi katikati ya mji. Waweru akampa nafasi. Kulikuwa na nyumba ya kujengwa Kitisuru, na mwenye kiwanja alitaka kuiona kabla ya kutia sahihi mkataba.

Walienda kukiona kiwanja pamoja. Mwenyewe alikuwa Mama Nyawira, mwalimu mkuu mstaafu. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja na alikaa kwenye kiti cha magurudumu ndani ya gari, blanketi miguuni. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ilikuwa inauma.

"Mimi sitaki mambo mengi," Mama Nyawira alimwambia Jackton. "Nataka jiko kubwa linaloangalia magharibi. Mchana nikipika, huyu akae hapo dirishani apate jua. Akipata jua ule mkono hulegea kidogo. Utanionyesha hiyo?"

"Nitakuonyesha, Mama."

Upande huohuo wa magharibi, kwenye kiwanja cha jirani, nguzo za zege zilikuwa zimefika ghorofa ya pili. Jackton alimuuliza fundi mmoja pale zingeishia ghorofa ya ngapi. Akaambiwa sita.

Alifanya kazi hiyo wiki tatu. Aliijenga nyumba, akalijenga lile jengo la jirani hadi ghorofa ya sita, akaandika Kitisuru, Julai, saa tisa mchana. Mashine ikapiga hesabu zake. Picha ilipokamilika, jiko lilikuwa na giza. Akajaribu saa nane, likawa na giza. Akajaribu Desemba, likapata mwanga mwembamba kwenye kona, juu ya friji, basi.

Alizibeba picha zote hadi kwa Waweru.

"Kazi safi," Waweru alisema akizipitia kwenye skrini. "Sasa toa hiyo ghorofa."

"Iko hapo, Waweru. Inajengwa."

"Naona. Sasa unataka nimpeleke mteja picha ya jiko la giza? Nianze ramani upya, nirudi kaunti kuomba kibali tena? Hiyo ni miezi mingapi? Toa ghorofa, ingiza jua, weka huyo mzee dirishani. Kama huwezi, niambie nimpe mtu mwingine."

Jackton alitoka akaenda moja kwa moja Jamhuri. Nyokabi alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kila mtu hutoa, Uncle," alisema mwishowe. "Mimi nimetoa makaburi. Nimetoa laini ya stima. Nilidhani wewe unajua."

Hakusema kwa dharau. Alionekana amechoka, na hakumkaribisha ndani.

Kesho yake Jackton alilifuta lile jengo. Ilikuwa kubofya mara mbili tu. Jua likamwagika jikoni hadi kwenye sakafu, likapanda miguu ya yule mzee aliyemchora dirishani, likakaa mkononi mwake. Veronicah alipopita nyuma yake alisimama. "Imependeza," akasema. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, kwa brashi au kwa mashine.

Mama Nyawira alitia sahihi wiki hiyo.

Waweru hakumpigia tena. Ofisi ilinunua kompyuta kubwa, ikaajiri kijana anayetoa picha nne kwa siku moja. Jackton alituma kazi zake kwa wasanifu kumi na wawili. Wawili walimjibu, wote wakimwambia wana mtu.

Karibu miaka miwili ilipita. Julai nyingine, Mama Nyawira alipata namba yake kwa Waweru, akamwomba afike kwenye nyumba mpya. Jackton alifika mchana. Alikuta taa ya jikoni imewashwa. Mzee alikuwa dirishani amevaa koti na kofia ya sufu, akitazama kuta za jirani zilizoanikwa nguo kila ghorofa. Mkono wake ulikuwa umekunjika kifuani.

Mama Nyawira alimkaribisha kiti, akammiminia chai.

"Nimekuita nikuulize kitu kimoja," alisema. "Wakati unachora, hii ghorofa uliiona?"

Jackton alitaka kusema kwamba Waweru ndiye aliyemwambia. Ilikuwa kweli, na ilikuwa karibu kumtoka.

"Niliiona, Mama. Niliichora. Halafu nikaitoa."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anajua. "Mimi niliona nguzo tu. Nikaona picha yako ina jua, nikasema labda watajenga fupi." Alimvuta mumewe kofia ikafunika sikio. "Ungeniambia tu. Jiko lingeenda huko mashariki, basi. Hata jua la asubuhi lingetosha."

"Pole sana, Mama."

"Sawa."

Hakumgombeza. Alirudi kwenye sufuria yake, akaanza kukata sukumawiki. Jackton aliinywa chai yote kwa sababu hakujua ataiachaje, kisha akaomba ruhusa ya kwenda.