Mlio wa Mlango wa Nyuma

Nilinunua gari lile kwa hasira, na sioni aibu kusema hivyo. Wengine hununua gari la kifahari ili waonekane. Mimi nilitaka mtu mmoja tu akae kiti cha nyuma kabla macho yake hayajazima kabisa, na mtu huyo ni baba yangu. Daktari wa macho alitueleza bila kuzunguka: jicho la kushoto limekwisha, la kulia lina miezi, labda mwaka.

Baba alikuwa dereva. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha gari jeusi la mkurugenzi mmoja, gari refu lenye viti vya ngozi, na katika miaka hiyo yote hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulipanda. Mama alipelekwa kumzaa mdogo wangu kwa gari la jirani la kubebea mkaa, huku lile jeusi limeegeshwa mlangoni linametameta. Kanuni za baba tulizijua kama tunavyojua majina yetu. Gari haliguswi. Dereva haongei mpaka aongeleshwe. Dereva hageuki kumtazama aliye nyuma.

Halafu siku moja akarudi nyumbani kwa miguu, kofia mkononi, na hakuendesha tena gari la mtu mkubwa. Alimalizia maisha yake ya kazi kwenye lori la kokoto. Barua ya kufukuzwa niliiona nikiwa kijana, ndani ya sanduku la mama, na sababu ilikuwa maneno mawili: uzembe kazini. Neno hilo la uzembe nilikuja kumtupia usoni tukigombana, nikiwa na miaka ishirini na kitu na mdomo uliotangulia akili. Nilimwambia, "Tumeishi kwa vumbi la kokoto kwa sababu ya uzembe wako." Alivaa viatu akatoka nje.

Tangu hapo tumeishi kwa heshima, salamu asubuhi, salamu jioni, na katikati hakuna kitu. Mama alikufa akitutazama hivyo hivyo. Kwa hiyo nilipoambiwa habari za macho, nikaona dawa ni moja: nimketishe baba nyuma, mimi nishike usukani, tuwe tumemalizana. Kama nilitaka kumwomba radhi au kumwonyesha kwamba nimefika alikoshindwa, sikujiuliza.

Gari lilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na lilikuwa limetembea kilomita elfu ishirini na moja tu. Aliyeniuzia alikuwa akilifunika turubai na kulitoa mara moja kwa mwezi. Nikajiona mjanja. Wiki ya kwanza raba za wipa zikakatika kama biskuti, betri ikagoma, taa ya buti ikakataa kuwaka, na kila nikipita mwendo fulani usukani ukatetemeka mikononi mwangu.

Fundi niliyemwita nyumbani tulimpa jina la Taratibu, kwa kuwa hata kukohoa hukohoa polepole. Alilizunguka gari mara mbili, akainama, akayapapasa matairi.

"Hili halijachoka, bosi," alisema. "Limekaa tu. Tairi zimelalia upande mmoja mpaka zimepata bapa. Raba zimekauka. Hakuna ugonjwa mkubwa hapa, ni vijimambo."

"Vijimambo vingapi?"

"Nihesabu vya nini? Tukifika mwisho utajua."

Baba alitolewa kigoda akakaa kando ya gari, mkono juu ya bodi, kichwa kimeinama. Jumamosi tatu alikaa hivyo. Fundi akiwasha injini, baba husema, "Kuna mkanda umekauka," na mkanda huwa umekauka kweli. Taratibu alimpenda mara moja. Mimi kila Jumamosi nilimfungulia mlango wa nyuma, na kila Jumamosi tuliongea yale yale.

"Baba, panda tuzunguke kidogo."

"Nitakaa mbele."

"Nimelinunua ukae nyuma."

"Mimi si mtu wa nyuma," husema, na kurudi kwenye kigoda chake.

Nilikasirika, tena sana. Nilimwona kama mtu anayerudisha zawadi bila hata kuifungua.

Jumamosi ya nne vijimambo vyote vilikuwa vimekwisha isipokuwa kimoja. Mke wangu, aliyekuwa akikaa nyuma na ndoo zake akitoka sokoni, alisema kuna kitu kinagonga nyuma kushoto tukipita kwenye mawe. Mimi nikiendesha sikusikia. Taratibu akaendesha, naye hakusikia. Tukamwambia mke wangu huenda ni ndoo. Alitutazama kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

"Anasema kweli," baba alisema kutoka kwenye kigoda. "Mlio wa nyuma husikiwa na aliye nyuma. Mkubwa wangu alilalamika wiki tatu nzima, na mimi mbele sisikii kitu."

Sikumbuki kama aliwahi kumtaja mkubwa wake tangu siku ile ya kofia. Nilibaki na kitambaa mkononi.

"Basi Mzee panda wewe," alisema Taratibu. "Una masikio kutushinda sote."

Na baba akapanda. Hivyo tu. Nilikuwa nimembembeleza wiki nne, na fundi alimpata kwa sentensi moja, kwa sababu alimwita kazini. Niliendesha mimi, Taratibu kando yangu. Kwenye kioo nilimwona amekaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama mtu aliyekuja kuomba kazi, kiganja amekibandika kwenye mlango. Tulipofika kwenye mawe akafumba macho.

"Mlango huu. Chini, karibu na bawaba," alisema. Kisha akasikiliza tena kwa muda mrefu. "Kinagonga. Hakibingiriki."

"Kuna tofauti?" nilimuuliza.

"Ipo," alisema.

Tuliporudi, Taratibu alianza kuchomoa ubao wa ndani wa mlango, skrubu moja baada ya nyingine. Alinituma jikoni nikalete kibakuli cha kuzitia. Nilirudi peku, viatu nimeviacha kizingitini, na nikasimama nyuma ya baba upande wa kushoto, upande wa jicho lililokufa. Taratibu aliniona. Baba hakuniona.

"Klipu ya kioo," fundi alikuwa akisema, akimwekea kipande cha plastiki kiganjani. "Imevunjika kwa uzee. Lakini Mzee, kwa nini ulisema hakibingiriki?"

Baba aliikunja klipu ndani ya ngumi. "Ile ya mkubwa wangu ilibingirika. Gereji ya kampuni walifungua mlango mbele yake, ikadondoka gololi. Ya bluu, imemeguka upande. Niliijua papo hapo, nilikuwa nimeshaikanyaga mara ngapi nyumbani. Ilikuwa ya mwanangu. Siku moja nikiosha gari nilimwachia ashike ndoo, kumbe ameitumbukiza penye ufa wa kioo cha mlango."

Bisibisi ya Taratibu ilisimama. Alinitazama, akatazama chini.

"Mkubwa akauliza, ni ya mtoto gani? Akasema, mlete hapa. Mimi nilikuwa namjua yule bwana, najua alivyokuwa akiwachapa watoto wa mtunza bustani. Nikamwambia hakuna mtoto, ni uzembe wangu, niliacha vioo wazi. Basi. Akaandika kama nilivyosema."

"Na mtoto?"

"Mtoto hajui. Gololi niliirudisha kwenye kopo lake. Nawe usimwambie, ana hasira za haraka yule."

Nilikuwa nimekishika kibakuli kwa mikono miwili. Nilikumbuka yote, na si kwamba niliwahi kuyasahau, ila sikuwahi kuyaunganisha. Niliitumbukiza gololi ile penye ufa wa kioo nione inapotelea wapi, nikaisikia ikishuka, nikaogopa, nikanyamaza. Wiki zikapita. Kisha alasiri moja nikafungua kopo langu, nikaikuta. Nilicheza ua mzima. Nilipiga kelele, nilimwita mama aje aone, nilirukaruka mpaka nikaanguka. Na baba alikuwa amekaa kizingitini, kofia mkononi, ndiyo kwanza amefika kwa miguu, akinitazama nikifurahi.

Nilirudi ndani kimyakimya, nikavaa viatu, nikatoka tena kwa kishindo. Taratibu akapokea kibakuli, akasema ahsante kwa sauti kubwa kupita kiasi. Aliweka klipu mpya, akarudisha ubao, akaubonyeza pembe zote nne.

"Panda tujaribu, baba," nilisema.

Hakubisha, maana kujaribu nako ni kazi. Taratibu alisema anabaki kukusanya vyombo vyake, ingawa vyombo vyenyewe vilikuwa vitatu.

Tulikwenda hadi kwenye mawe. Nikapunguza mwendo. Gari liliyumba kushoto, kulia, na nyuma yangu hakukugonga kitu.

"Kimya," baba alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Fundi yule ni mzuri."

Nilijaribu kungoja mpaka tutoke kwenye mawe, nikashindwa.

"Baba, ile gololi ya bluu niliitumbukiza mimi."

Nilihesabu mashimo mawili, matatu.

"Ulikuwa umesimama wapi?" aliuliza.

"Nyuma yako. Kushoto."

"Hata hili jicho sasa linanisaliti," alisema.

"Na siku ile nikakuita mzembe."

"Nakumbuka. Nilikuwepo."

"Kwa nini hukuniambia? Ungenizaba kofi, ungenionyesha ile gololi, ungesema!"

"Ulikuwa na miaka saba," alisema. "Halafu ukawa na ishirini. Halafu ikawa kila nikitaka kusema naona itakuwa kama nakudai."

Nikatoa mguu kwenye mafuta. Nilitaka kugeuka nimshike mikono, nimwambie nisamehe nikimtazama usoni wakati bado anaweza kuuona uso wangu. Nilikuwa nimeshageuza bega.

"Usigeuke," alisema. "Dereva hageuki. Tazama mbele."

"Nisamehe, baba."

"Nimeshakusamehe siku nyingi. Tazama mbele."

Nikatazama mbele. Kwenye kioo nilimwona anasogea kidogo kidogo kutoka ukingoni, mpaka mgongo wake ukagusa kiti. Akaegemea. Akaweka mkono juu ya ngozi, akaipapasa.

"Unaiona barabara?" aliuliza baada ya muda.

Nilijipangusa macho kwa mkono wa shati, haikusaidia. "Siioni vizuri."

"Basi nenda polepole," alisema. "Mimi pia siioni."